Shamba la Bi Mizani

Mvua ilikuwa inaingia siku ya kumi, na pale mlangoni mapacha walikuwa wanagombania jozi moja ya mabuti, kila mmoja kavaa mguu wake na hataki kuuvua. Mama yao aliwaacha wamalizane. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkono mmoja na simu mkono wa pili, anaisogeza juu na chini kutafuta ujumbe wa mdogo wake, na ujumbe haukuwepo.

"Baharini hakuna mtandao, Mama Mapacha," mumewe alimwambia. "Hata ukiikodolea macho vipi, hiyo simu haitazaa."

"Jumapili alituma."

"Jumapili walikuwa bado karibu na nchi kavu. Kunywa chai."

Chai ilikuwa imeshapoa. Mdogo wake huyo, ambaye kwa wembamba wake wote walimwita Kijiti, alikuwa ameondoka siku sita nyuma, baharia wa safari ya kwanza, katika meli ya watu ishirini na wawili iliyobeba tani elfu hamsini za udongo wa nikeli. Udongo, ndiyo, usishangae. Unachimbwa mlimani, mwekundu kama kutu, unaletwa bandarini kwa malori, unapakiwa, unakwenda kwa wanaoununua. Huko wanauyeyusha, wanapata chuma cha masinki na vijiko na sufuria zisizoshika kutu, na siku hizi betri za magari ya umeme. Aliyeupima udongo wa meli ile ni dada mtu mwenyewe. Bandari nzima ilimwita Bi Mizani, na jina hilo hakulichukia hata chembe.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kupima maji, na ukiikosea watu wanazama. Udongo ule ukizidi maji hauonyeshi kitu pale unapopakiwa. Unatulia kimya. Mawimbi yakiutikisa siku mbili tatu unageuka uji, unalalia upande mmoja wa meli, na meli inaufuata, tena kwa kufumba na kufumbua, mtu hapati hata nafasi ya kuvaa viatu. Kwa hiyo kabla meli haijaondoka Bi Mizani huchota udongo, huupima, huukausha kwenye oveni, huupima tena, kisha hutia saini kwamba maji ni kiasi hiki katika mia. Kikomo kilikuwa thelathini na nne. Yeye, miaka miwili mfululizo, iwe jua iwe mvua, alipata thelathini na moja. "Namba zangu hazitikisiki," alikuwa akijisifu, na ukimpa sikio alirudia tena.

Mumewe alikuwa dereva wa kijiko, ile mashine ya mdomo mpana inayozoa udongo uwanjani. Asubuhi hiyo alikaa kwenye kigoda akikwangua mabuti yake kwa kisu kibovu, tope limepanda mpaka magotini.

"Leo tutaogelea," alisema. "Jana kijiko kimenasa mara mbili. Wewe una raha zako, shamba lako lina paa."

"Shamba langu lipi?"

"Si shamba la Bi Mizani!" Akacheka. Alipoona anacheka peke yake, kisu kikasimama.

"Baba Mapacha. Shamba langu lipi?"

Jamani, kuna swali ambalo mtu akiulizwa mara ya pili anatamani ardhi ipasuke immeze. Mume alitazama mabuti, akatazama watoto, kisha akayatoa maneno moja moja. Ile chungu ya udongo iliyo karibu na geti, ile yenye turubai, haipakiwi. Haijapakiwa hata siku moja. Jua likiwaka wanaifunua na kuigeuzageuza, wingu likitanda wanaifunika. Bi Mizani akifika na koleo lake na mifuko yake, mnyapara anampokea kwa heshima zote na kumpeleka pale pale. Udongo unaokwenda melini unatoka nyuma ya ukuta wa makontena, malori yanakomwaga, maji yamesimama humo kama bwawa. Madereva wote wanaliita shamba lake. Wanatania tu.

"Na mzigo wa Kijiti?"

"Mama Mapacha..."

"Mzigo wa mdogo wangu ulitoka wapi?"

"Nyuma ya ukuta," mumewe alisema. "Niliupakia mimi."

Mvua zilikuwa zimeanza wiki ile ile. Alikumbuka vizuri, kwa sababu Kijiti alikuja kuaga amelowa chapachapa, akasimama pale pale walipokuwa mapacha sasa, akasema amefurahi kwamba mzigo wake umepimwa na mtu wa nyumbani.

"Na hukuniambia!"

"Nilidhani unajua!" Mume akainuka, buti moja mguuni. "Miaka miwili unachota pale pale, unaondoka, unasaini. Ningedhani nini? Nilisema moyoni, hawa wameelewana, na mke wangu hataki tuyazungumze. Basi nami nisimuaibishe. Nilikustahi!"

Hapo ndipo palipomchoma. Kwamba bandari nzima ilimpiga changa la macho, sawa. Lakini mwanamume huyu alikuwa amelala naye kitanda kimoja miaka miwili akiamini kwamba mkewe ni tapeli, na akaendelea kumpenda hivyo hivyo, na kumletea machungwa kila Ijumaa.

"Ulinistahi," alisema. "Shemeji yako yuko baharini, na wewe umenistahi." Akachukua koti akatoka. Mwavuli aliusahau.

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofani, ina ramani ya dunia ukutani yenye pini za rangi, kila pini nchi moja inayonunua. Nyekundu ndiyo iliyonunua kuliko zote. Ya bluu ilinunua kwa ajili ya betri. Ya kijani haikuwa na tanuri hata moja, ilinunua ili iwauzie wengine. Meneja alipenda kuzieleza hizo pini kwa wageni, na leo pia aliwahi kuigeukia ramani kabla Bi Mizani hajafunga mlango.

"Wamepiga simu tena hawa," alisema, kidole kwenye pini nyekundu. "Majirani zao wamefunga mlango, hawatoi udongo mbichi tena, wanataka wayeyushe wenyewe kwao. Sasa matanuri yanalia njaa, na macho yote kwetu. Meli ya leo inaondoka saa kumi. Cheti kiko tayari?"

"Nimelijua lile shamba."

Meneja hakuuliza shamba gani. Alishusha kidole, akavuta kiti, akaketi taratibu. "Tulia, Bi Mizani."

"Nitulie vipi? Piga simu kwenye meli ya wiki iliyopita. Waambie mzigo una maji, wageuze."

"Meli thelathini na tisa zimefika salama."

"Nyingi ni za kiangazi, nyingine zilibahatika! Hii ni ya mvua, na ndani yake yumo mdogo wangu."

"Tukiwapigia tutawaambia nini?" Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kwamba cheti ni cha uongo? Cheti kina saini moja. Kitazame. Si yangu, na mnyapara hajui hata kusaini. Nenda maabara, upumue, saa nane uniletee cha leo."

Alitoka amekunja ngumi. Namba za melini alikuwa nazo meneja peke yake, na polisi wa bandari wangeanza kwa kumwandikisha maelezo mpaka jioni. Alishuka ngazi, akapanda tena nusu, akashuka. Alikuwa hana hali. Ndipo alipoona, juu ya paa la ghala, mlingoti wa meli iliyokuwa inapakia gatini, na akawaza: nahodha atamsikiliza nahodha mwenzake. Na kila nahodha wa mzigo huu anakijua kipimo cha kopo.

Kipimo hicho hakihitaji oveni wala mizani. Unajaza kopo nusu, unaligonga juu ya kitu kigumu mara ishirini na tano, unatazama. Basi. Maabara palikuwa na kopo la maziwa ya unga walilowekea kalamu. Alizimwaga kalamu mezani, akalitia kopo kwapani, akatoka mbio kuelekea nyuma ya makontena, mahali ambapo kwa miaka miwili hakuwahi kukanyaga. Mbona hakuwahi? Hakuna aliyemkataza. Walimpa kiti kikavu na sifa nyingi, wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Hilo lilimuuma kuliko uongo wao.

Tope lilimmeza viatu vyote viwili. Mnyapara alimwona kwa mbali akaja anakimbia, anapunga mikono. "Bi Mizani! Huku siko! Bi Mizani, utaratibu!"

Kijiko kikanguruma. Kilitokea ubavuni, kikapita kati yao, kikasimama hapo hapo kama ng'ombe mkaidi, mnyapara upande mmoja na Bi Mizani upande wa pili. Mumewe hakushuka wala hakusema neno. Alichomeka mdomo wa mashine chini kabisa ya chungu iliyokuwa hapo, akauinua, akaumwaga udongo taratibu miguuni pa mkewe. Alikuwa analia, mjinga yule, na mvua haikumsaidia kuficha.

Bi Mizani alichota kopo nusu, akapanda ngazi ya meli pekupeku.

Nahodha alikuwa mtu mfupi wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. "Mimi nimeshagonga kopo langu asubuhi," alisema. "Kavu."

"Udongo alikuletea nani?"

"Mnyapara wenu."

"Basi gonga huu wa chini."

Nahodha alilitazama kopo, akatazama miguu ya Bi Mizani yenye tope, akapiga goti. Alianza kuligonga juu ya chuma cha sitaha, akihesabu kwa sauti. Kufika kumi udongo ulikuwa umelainika. Kufika kumi na saba ulianza kung'aa. Alipotamka ishirini na tano, maji yalikuwa yamesimama juu yake safi kabisa, ungeweza kujitazama.

Nahodha aliinuka bila kuangalia tena. "Simamisheni kupakia!" alipaza sauti, na filimbi zikapigwa huku na huko. Kisha akamgeukia. "Mama, umetuokoa."

"Samahani, nahodha, sikuja kwa ajili yenu," Bi Mizani alisema. "Kuna meli imetangulia. Imebeba huu huu."

Nahodha hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Walipanda hadi chumba cha usukani, akatoa simu ya setilaiti, akaitafuta namba ya nahodha mwenzake, akaweka spika. Simu iliita. Bi Mizani alikuwa hakaliki, anazunguka meza ya ramani, anashika hiki, anaacha kile. Iliita hadi ikakatika. Nahodha akapiga tena.

"Halo!" Sauti nzito, iliyojaa makelele ya injini. "Umetukumbuka leo?"

"Hali yenu?"

"Salama tu. Tumelalia kushoto kidogo, nyuzi tatu hivi, tangu alfajiri. Upepo."

"Upepo unatoka wapi?"

"Unatoka..." Sauti ikasita. "Unatoka kushoto."

"Unatoka kushoto, na unawalaza kushoto?"

Nahodha aliisogelea simu.

"Sikiliza, ndugu yangu. Mzigo una maji mengi, nimeuona kwa macho yangu. Usijaribu kuinyoosha meli. Geuza pole pole. Ghuba ya kujikinga iko mbali kiasi gani?"

"Saa tano." Walimsikia akitoa amri, kisha akarudi, pumzi juu juu. "Niliona, unajua? Juzi tulifungua kukagua, juu kulikuwa kunateleza. Nilitaka kugeuza siku ile ile."

"Mbona hukugeuza?"

"Kuna kijana humu mgeni, alitutoa wasiwasi sote. Alisema aliyeupima mzigo ni dada yake, wa tumbo moja. Alisema dada yake hakosei."

Bi Mizani alishika ukingo wa meza. Nahodha alimtazama, akaelewa, akasema taratibu kwenye simu, "Niitie huyo kijana."

Ilichukua muda, na muda huo aliutumia kupanga maneno. Angemweleza shamba, turubai, mnyapara, meneja na pini zake. Angemweleza kwamba alidanganywa.

"Dada! Shikamoo! Yaani umenipigia mpaka huku?" Kijiti alikuwa anacheka, furaha tupu, sauti ile ile ya pale mlangoni.

"Marahaba. Kijiti, nisikilize." Na maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. "Nimekosea. Mzigo wenu una maji. Nilipima udongo mwingine. Vaa koti la kuokolea sasa hivi, wenzako wote wavae, na asibaki mtu chini."

"Wewe, dada? Umekosea wewe?"

"Mimi, mdogo wangu. Nisamehe. Kimbia."

Walisikia simu ikiwekwa juu ya kitu bila kukatwa, halafu Kijiti akipiga kelele, sauti inaenda ikififia: "Vaeni makoti! Wote! Tokeni huko chini!"

Mtu mmoja alinung'unika, kama aliyeamshwa usingizini. "Amesema nani?"

"Dada yangu! Yule mpimaji!"

Hakuna aliyeuliza tena. Zilisikika nyayo zikikimbia juu ya chuma, nyingi, na Bi Mizani akainamia ile simu akaanza kuzihesabu, kana kwamba angeweza kufika ishirini na mbili.