Kipara Anachelewa Kuruka

Mama alipotumbukia kwenye shimo la tatu kwa mara ya tisa asubuhi ile ya Alhamisi, aliiweka pedi ya gemu juu ya mto, akaufunika mkono wake wa kulia kwa ncha ya shuka, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Basi, yatosha," alisema. "Kesho yule bwana wa vidole akija nitamwambia asijisumbue tena. Mkono huu umeshastaafu."

Kitindamimba wake, aliyekuwa ameketi sakafuni ameegemea kochi, aligeuka kumtazama. Alitaka kusema neno la kumtia moyo, lakini maneno ya kutia moyo alikuwa ameshayamaliza yote ndani ya wiki tatu, na kuyarudia ilikuwa kama kumpashia mgonjwa chai ya jana.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu kiharusi kimwangushe Mama kwenye chumba chake cha kushonea, mkasi ukiwa bado mkononi. Mguu ulirudi. Maneno yalirudi, tena na ukali wake wote. Mkono wa kulia ndio uliokuwa ukisuasua, mkono uliozoea kukata kitambaa bila kuchora mstari. Bwana wa vidole, ndivyo Mama alivyomwita mtaalamu wa viungo aliyekuja kila Ijumaa saa nne, alikuwa amewaambia kwamba mkono wa namna hii haurudi kwa kulazimishwa. "Upeni kazi unayoipenda," alisema. "Vidole vikifurahi vinasahau kwamba vinaumwa." Alisema pia, na hili ndilo lililokuja kuwaponza, kwamba amri kutoka kichwani huenda ikachelewa kufika mkononi, kwa hiyo wasishangae.

Kazi ambayo mkono ule uliipenda zaidi ya kushona ilijulikana nyumba nzima. Zamani, watoto wakiwa wadogo, Mama alikuwa akirudi kutoka kazini anavua viatu, anawasukuma pembeni, anasema, "Sogeeni niwaonyeshe," kisha anamchukua Kipara. Kipara alikuwa kijana wa miraba ndani ya gemu ya kaseti, hana nywele kwa sababu waliomchora waliishiwa na miraba kabla ya kufika kichwani. Kazi yake duniani ilikuwa moja: kukimbia kwenye barabara isiyoisha, taa mkononi, na kuruka mashimo, huku muziki mwembamba kama wa vijiko ukimsindikiza. Hakuna aliyewahi kumfikisha Kipara mbali kama Mama.

Yule kijana kitindamimba mwenyewe alikuwa mtu wa gemu za kisasa. Ile aliyoipenda ilikuwa nchi nzima. Unapanda farasi, unashuka kwenye bonde lenye ukungu, upepo unapita na majani yanainama jani moja moja, mvua ikinyesha shingo ya farasi inaloa na kung'aa. Aliweza kukaa humo saa nzima bila kupigana na yeyote, akisikiliza mto tu. Dada yake mkubwa, fundi wa vifaa vya umeme, alikuwa amembandika jina la Bwana Majani.

"Gemu gani hiyo, mtu unatembea tu?" Dada alikuwa akimtania. "Kama ni kutembea, toka nje, hakuna atakayekukataza."

"Na Kipara wako je? Miaka ishirini anaruka shimo lilelile, hata unywele mmoja hajaota."

"Haoti nywele, lakini anajua anakokwenda. Wewe na farasi wako mnazurura."

Mama alijaribu kwanza gemu ya majani. Vitufe vilimzidi idadi. Farasi alizunguka mahali pamoja kama kuku aliyefungwa kamba, na mwisho macho ya mpanda farasi yakaelekea juu, yakabaki huko. Mama aliyatazama mawingu yakipita kwa dakika kadhaa, uso wake ukiwa umetulia.

"Pazuri," alisema. "Ila hapa mimi sina kazi."

Ndipo kijana alipoitoa mashine ya zamani chini ya kitanda, akaifuta vumbi, akatafuta kiboksi cha kugeuza waya ili iongee na televisheni yake bapa, pana kama mlango, fahari ya sebule. Kipara alipojitokeza kwenye kioo kile kikubwa, kijana alimwonea huruma. Kingo zake zilikuwa na meno meno kama kitambaa kilichokatwa na mkasi butu. Hakutaka Mama aonyeshwe kitu kilichochakaa. Akaingia ndani ya mipangilio ya televisheni, akawasha kila kilichokuwamo: kulainisha picha, kung'arisha rangi, kutuliza mtikisiko. Kipara akawa mviringo, laini, anang'aa kama tunda lililooshwa. Kijana aliridhika. Alijiona amemfanyia mama yake jambo.

Tangu siku hiyo, Kipara akawa anaanguka tu. Shimo la kwanza Mama alijifunza kulivuka kwa kubahatisha, la pili mara moja moja. La tatu, kamwe.

"Mkono unamwita," alisema Mama siku moja, "na yeye anaitika baadaye. Kama mteja kiziwi."

Nao wakatikisa vichwa kwa huzuni, maana ndivyo walivyokuwa wameambiwa.

Mchana wa Alhamisi ile nyumba ililala. Pazia la chumbani kwa Mama lilikuwa likivuta pumzi na kuiachia, na mwanga ulioingia ulikuwa na rangi ya maji yaliyotiwa asali kidogo. Mama alikuwa amelala chali, mkono wa kulia juu ya shuka. Kijana aliketi kitini karibu naye akikunja nguo zilizokauka, na hakujua alianza saa ngapi kuimba kwa pua. Ulikuwa ule muziki wa vijiko. Kila aliyekulia nyumba ile aliujua kama anavyojua njia ya kwenda msalani gizani.

Alipofika mahali ambapo shimo la kwanza hutokea, kidole gumba cha Mama kilibonyeza shuka.

Kijana alinyamaza. Kidole nacho kikanyamaza. Mama alikuwa amelala kabisa, pumzi yake nzito na ya usawa. Akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ndogo zaidi, mikono yake ikiwa imeganda juu ya shati lisilokunjwa. Shimo la kwanza: kidole kikabonyeza. La pili: kikabonyeza. Kabla ya shimo la tatu muziki ule huwa na kituo kifupi, kama mtu anayemeza mate, na wengi huruka humo kwa pupa. Kidole kilisubiri. Kituo kikapita, kidole kikashuka juu ya noti yenyewe, si kabla wala si baada.

Kijana aliendelea kuimba. Hakuthubutu kufanya kingine. Ilikuwa kana kwamba kitanda, pazia na ule mwanga wa asali vyote vimeanza kwenda, na yule mwanamke aliyelala alikuwa akikimbia mahali fulani mbele yake, miguu mitupu, taa mkononi, barabara ikifunguka kadiri anavyoifikia. Shimo la saba. La nane. Midomo ya Mama ilikuwa na dalili ya tabasamu, ile ya mtu aliyewasukuma watoto pembeni. Walivuka mashimo kumi na mbili pamoja, yeye akiimba na Mama akiruka, mpaka Mama akageuka ubavu na kidole kikajificha chini ya shavu.

Aliliweka shati pembeni. Kisha wazo likamjia polepole, kama mtu anayekuja kutoka mbali na bado hujamtambua: kama mkono hauchelewi, anayechelewa ni nani?

Alikwenda sebuleni kwa kunyata, akawasha televisheni, akaishika pedi. Tangu aiunganishe mashine ile hakuwa amecheza hata mara moja. Ilikuwa ya Mama, na yeye alikuwa na farasi wake. Akamkimbiza Kipara, akafika shimo la kwanza, akabonyeza, akatumbukia. Yeye, mwenye vidole vizima vya umri wa miaka ishirini na mitatu. Akarudia huku ametega sikio. Kitufe kilisema *ta*. Kisha, baada ya kitambo kidogo kama kupepesa jicho, televisheni ikasema *twii*, na Kipara akaruka.

Alimpigia Dada simu. Dada alikuja na aproni yake ya kazini, bisibisi mfukoni, akanyakua pedi bila kusalimia, akatumbukia kwenye shimo la kwanza.

"Dada, na wewe umepooza?"

"Ishia hapo hapo." Alicheza tena, akatumbukia tena. Akaiweka pedi chini, akaitazama televisheni kwa namna anavyotazama redio inayodanganya. "Umewasha nini humu ndani?"

Akamtajia.

"Bwana Majani," alisema Dada, tena kwa upole uliomtisha, "televisheni hii ikipewa picha haikuonyeshi hapo hapo. Inaanza kwanza kuipamba. Inamlainisha Kipara, inampaka rangi, inamvalisha. Akimaliza kuvaa, shimo limeshampita. Farasi wako hana haraka, kwa hiyo hukuwahi kuona."

"Nikizima hayo yote?"

"Itapungua, haitaisha. Hicho kiboksi nacho kina uvivu wake. Na kwa Kipara, uvivu mdogo ndio shimo lenyewe."

Kijana alikaa chini. "Wiki tatu nzima nimemwambia Mama kwamba mkono wake umekufa."

"Hukumwambia hivyo."

"Televisheni ilimwambia. Mimi nikaitikia."

Dada alimtazama kitambo, akamgusa utosini kwa ncha ya bisibisi. "Ulitaka Kipara apendeze. Inuka, tukabebe kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa kwenye karakana yake: televisheni ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, isiyojua kupamba picha, ambayo wateja waliikalia wakisubiri pasi zao. Waliibeba wawili, wakipumzika kila baada ya nyumba nne. "Mnaipeleka hospitali au makaburini?" aliuliza muuza magazeti. "Inarudi kazini, mjomba," Dada alijibu, jasho likimtiririka.

Mama aliwakuta sebuleni wakichomeka nyaya. "Hiki kichogo kimetoka wapi? Nilishasema basi."

"Mama, si mkono," kijana alisema. "Ni mimi. Nilimpendezesha Kipara, akawa mzito." Akamweleza yote, mpaka kidole juu ya shuka.

Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkono mzuri umeushika ule mwingine. Hakucheka. "Mwanangu, nimeshajifunza kuishi bila huu mkono," alisema. "Imenichukua miezi minane. Usinirudishe nyuma kwa kutaka kunifurahisha tu."

"Sikudanganyi, Mama."

Aliitazama pedi. "Kesho asubuhi," alisema hatimaye. "Nikianguka shimo la tatu, bwana wa vidole anaaga, na sitaki kusikia tena habari za huyo Kipara."

Saa tatu na nusu ya Ijumaa, kichogo kiliunguruma, kioo chake kikajaa mwanga taratibu kama mtu anayeamka. Kipara akatokea na meno meno yake yote. Kijana alishangaa kuona kwamba kwenye kioo hiki hayakuwa mabaya. Miraba ilikuwa na ukungu kidogo pembeni, kama kitu kinachokumbukwa. Mama alishika pedi.

Shimo la kwanza. La pili. Kituo kifupi, Mama akasubiri. *Twii.* La tatu likabaki nyuma, jeusi na dogo, na barabara ikaendelea. Dada alijiziba mdomo kwa aproni. La nne. La tano. Kwenye la sita kidole kilitetemeka, kikateleza pembeni ya kitufe, na Kipara akaanguka.

Kijana alifumba macho.

"Hilo langu," alisema Mama.

Alikuwa akikitazama kidole chake kwa karibu, akikigeuza huku na huku kama mtu aliyerudishiwa kitu chake na anakagua kama kweli ndicho. "Hilo nililiona likija. Nimeteleza mwenyewe, hakuna wa kumlaumu." Akapangusa kidole kwenye gauni. "Washa tena."

Mlango ukagongwa. Dada alikwenda, akarudi. "Mama, bwana wa vidole amefika. Ulisema una neno naye."

"Mwambie akae asubiri," alisema Mama, macho yakiwa kiooni. "Aseme kwanza ni zoezi gani la kutuliza kidole gumba, kinanitoroka pembeni."

Mtaalamu aliingia kwa kunyata, akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya kijana. Muziki wa vijiko ulikuwa umeanza upya. Hakuuliza lolote kuhusu kichogo. Yeye na kijana hawakuwa wakitazama televisheni. Walikitazama kidole, jinsi kilivyosubiri, kisha kikashuka.