Wale Wenye Upanga Mkubwa

Mdondo ulipopita Idete mwaka juzi, ulinisafishia banda zima kwa siku tano. Kuku ishirini na wawili. Watu walikuja kunipa pole kama nimefiwa, na mwenzangu mmoja wa jumuiya ya kanisani akaniletea tetea wa bure. Nilimkataa. Nilimwambia mimi Bibiana sijafikia hatua ya kuchangiwa kuku. Ndivyo nilivyo, na wala sijisifu.

Dada Philomena, jirani yangu wa upande wa majaruba ya mpunga, hakuja na pole. Alikuja na kuku mwekundu kwapani na mayai yake kwenye kikapu.

"Huyu anataka kulalia na banda langu limejaa," akasema. "Nifugie. Vifaranga tutagawana nusu kwa nusu, mimi nachagua kwanza."

Hiyo ni desturi ya huku kwetu: mwenye kuku huchagua, aliyefuga huchukua waliobaki. Hapo hapakuwa na sadaka, nikakubali.

Walipofika miezi mitatu walikuwa wamebaki wanane, wote machotara. Kule kwa dada Philomena yule mwekundu alikuwa amepandwa na majogoo wawili: kroila wake mwenyewe, na kuchi mrefu wa Nkwabi, jirani yetu Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Jogoo yule hakujua ua wala mpaka.

Nikawa nawatazama wale wanane kutwa nzima. Nikipata matetea, nina banda tena. Nikipata majogoo, nina mboga ya siku nne, basi. Na mimi kuku nawajua tangu utoto, au ndivyo nilivyodhani: anayewahi kuota upanga mwekundu kichwani ni jogoo, mwenye kichwa tambarare ni tetea. Wanne walikuwa na upanga, wanne hawana. Niliomba Mungu dada Philomena asiwe mchoyo.

Siku ya kugawana alikaa kwenye kigoda akawashika mmoja mmoja. Kichwani hakutazama sana. Aliwapapasa miguu, akawafunua manyoya ya kiunoni, pale juu ya mkia, akaachia. Mwishowe akatia kwenye tenga lake vichwa tambarare watatu, na mmoja mwenye upanga, yule mkubwa kuliko wote.

"Hawa wangu," akasema.

Mimi nikabaki na watatu wenye upanga na kichwa tambarare mmoja. Majogoo watatu, tetea mmoja. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawasha.

"Umeridhika, dada?"

"Nimeridhika, mdogo wangu." Akambeba kuku wake mwekundu na tenga lake, akaenda zake.

Hapo mdomo wangu ukafanya kazi. Kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga nilimsimulia kila aliyekuwa na masikio kwamba Philomena amenidhulumu, amebeba matetea yote akaniachia vitoweo. Hata shikamoo nikamnyima. Nikikutana naye njiani nilisema "habari za asubuhi" kama naongea na mtu wa rika langu, naye akaitikia, "Nzuri, mdogo wangu. Kuku hawajambo?"

Mwezi mmoja baadaye nikasikia kwake sauti ya jogoo anayejifunza kuwika, imekwaruza kama bawaba kavu. Kesho yake zikawa mbili. Wiki haikuisha zikafika nne. Kwangu, kimya.

Nkwabi alikuwa anapita, nikamwita awaone kuku wangu. Akamshika mmoja, akacheka.

"Mama, hawa watatu baba yao ni kroila. Watoto wa kroila huwahi kuota upanga, hata tetea. Wa kuchi hana upanga wa maana, hata akiwa jogoo. Kwanza umjue baba, ndiyo uangalie manyoya haya ya kiunoni. Yakichongoka ni jogoo. Haya ya mviringo ni tetea."

"Na huyu wa kichwa tambarare?"

"Tetea pia. Wote wanne."

Nilikuwa nimesoma vichwa bila kuuliza ukoo. Siku ile sikwenda kwa dada Philomena, aibu ilinikalisha nyumbani. Nilikwenda yai la kwanza lilipotagwa, nikiwa nimelifumbata mkononi, bado lina joto.

Alikuwa kwenye mkeka anapepeta mchele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Ulichukua majogoo wanne."

"Nilichagua kwanza," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungewapokea matetea?"

Nisingewapokea, na wote wawili tulijua. Nikamwekea lile yai kiganjani. Nikamshukuru, nikarudia, nikashukuru tena mpaka maneno yakaniishia, maana tangu mdondo upite sikuwa nimejisikia mwenye nyumba mpaka asubuhi ile. Kisha nikaona shukrani yangu haijakamilika, kuna kitu nimekificha.

"Dada, kule mashineni nilisema umenidhulumu. Niliwaambia watu wengi."

Hakuacha kupepeta.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa kwenye foleni, watu watatu nyuma yako."

Akasogeza ungo upande, akanipa nafasi ya kukaa.