Mayai Yenye Jina la Carolyne

Wewe umewahi kumwambia mtu kwamba mayai yake hayana kitu ndani? Mimi sikuwa nimewahi, na nilidhani ni neno la kusema tu likaisha.

Sisi akina mama wa kanisa hapa Theta tulichanga tukanunua mashine ya kutotoa vifaranga. Iliwekwa kwangu kwa sababu stima ya upande huu haipotei ovyo, na mimi niko nyumbani siku zote. Kila mama huleta mayai yake akayatia alama kwa penseli. Mmoja huchora msalaba, mwingine duara. Carolyne aliandika jina lake lote, herufi zimepangwa vizuri kwenye kila yai.

Carolyne ni mgeni kwetu. Mwanawe, Ephantus, alimtoa Mwihoko, alikokuwa akiuza nguo mlangoni mwa ploti iliyojaa wapangaji, akamnunulia nyumba ndani ya ile korti mpya, nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja wenye geti jeusi. Nyumba ni nzuri, ina vigae mpaka ukutani. Lakini pale watu huingia na magari yao, wanafunga milango, basi. Tangu alete mayai, alikuwa akija kwangu kila jioni. Anachungulia kioo cha mashine kidogo tu, halafu anavuta kiti jikoni tunachambua mboga ya terere na kunywa chai mpaka sufuria ikauke. Siku mvua ilinyesha sana, alikuja amejifunika gunia.

Wiki ya kwanza ilipoisha tukapima mayai. Mjukuu wangu Njambi alitundika blanketi kwenye dirisha la stoo pawe giza, akawasha tochi ya simu, akaweka juu yake kile kikaratasi kigumu kinachobaki katikati ya karatasi ya choo. Yai unaliweka juu ya hilo tundu. Likiwa na uhai, unaona mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi ya mche. Likiwa tupu, linawaka lote kama balbu.

La msalaba lilikuwa na mizizi. La duara pia. Tukafikia ya Carolyne. Balbu. Balbu tena. Balbu.

"Cucu, za huyu anti zote ni zii, hakuna kitu," Njambi akasema.

"Jaribu hilo la pembeni."

"Hata hii. Kwani hana jogoo?"

"Jogoo?" Carolyne mwenyewe alikuwa amefika mlangoni na mwavuli wake. "Kwa korti hawakubali jogoo. Keateka anayesimamia nyumba alisema kuku ni sawa, lakini jogoo ataamsha watoto wa watu."

Njambi akaziba mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Mama Wanyoike, kwani kuku hatagi mwenyewe?"

"Anataga, Carolyne. Lakini bila jogoo, hilo ni yai la kukaanga."

Nikamweleza polepole. Yai tupu likikaa kwa lile joto linaoza, linajaa hewa, siku moja linapasuka na ule uchafu unaharibu mayai ya wenzako yenye uhai. Ni lazima yatoke leo.

"Yaache kidogo," akasema.

"Carolyne."

"Pengine yamechelewa tu. Si mtu anaweza kuchelewa?"

"Anti, haya hayajachelewa," Njambi akasema. "Hata safari hayakuanza."

Carolyne hakucheka. Alikuwa ameingia, mwavuli kwapani, ameshika ukingo wa mashine kwa mikono miwili. Nikaanza kuyatoa, moja moja, nikiyalaza kwenye beseni bila kuyagonganisha. Nilikuwa nimepanga kumchemshia mbwa, lakini mbele ya mwenyewe sikulitaja. Nafasi yake ilipobaki wazi kwenye trei, nikasogeza ya wenzake yasigongane.

Carolyne akarudi mlangoni, akafungua mwavuli humo humo ndani ya nyumba, akaufunga tena.

"Basi asante kwa chai, Mama Wanyoike. Sitakusumbua tena jioni."

Alisema kama mpangaji anayerudisha funguo.

"Nani amekufukuza?" nikamwuliza. "Lete kuku wako wakae hapa kwangu. Jogoo wangu hana keateka. Wakishataga, tutayaweka kwenye mashine upya, na utaona mizizi kwa macho yako."

"Huyo jogoo atafurahi, wacha tu," Njambi akasema, na safari hii Carolyne akacheka, cheko fupi lililotokea puani. Lakini hakuondoka mlangoni, wala hakuingia.

"Utawaleta kesho?" nikamwuliza.

Akainua mabega.

"Nitawaleta, ukitaka. Lakini mimi kuku hata siwapendi, Mama Wanyoike. Wananichokorea maua na wananitisha na hayo macho yao." Akaegemeza mwavuli ukutani. "Nilikuwa nataka tu pahali pa kuja jioni."