Barazani kwa Marehemu Ibrahimu

Kila alasiri Mwanaisha alikuwa akiipua birika la kahawa, akalizungushia kitambaa lisimuunguze, akalipeleka nje barazani kwa mumewe Ibrahimu pamoja na vikombe viwili na kisahani cha kashata. Aliendelea hivyo hata baada ya Ibrahimu kufariki, maana Ibrahimu mwenyewe hakuacha kuja. Alizikwa makaburi ya Abu Hamour mwezi wa Ramadhani, mwaka 2008, na Idi ilipofika alikuwa ameshakaa pale pale, mgongo ukutani, kofia ya viua imeinamia jicho moja. Majirani walimwamkia wakapita. Imamu wa mtaa alipoulizwa, alijibu kwamba eda ya mjane inahesabika kama kawaida, na kwamba kahawa haina ubaya.

Mtaa wenyewe ulikuwa nyuma ya soko la zamani, katikati ya Doha. Wenyeji wake walikuwa Waarabu weusi, watu ambao bibi zao waliletwa kutoka pwani yetu bila kuulizwa, na kwenye arusi zao zilipigwa ngoma ambazo Mwanaisha, mtoto wa Tanga, alizijua bila kufundishwa. Hao ndio waliowapangisha vyumba Watanzania, Wakenya na Waganda. Jioni Kiswahili kilikuwa kikipita dirisha hadi dirisha, na ugomvi ulioanza Kimombasa ukamalizika Kiganda. Mwenye nyumba, Mama Zamzam, hakujua Kiswahili ila wimbo mmoja wa kubembelezea mtoto, nao aliuimba kila alipokuja kutazama bomba linalovuja. Maneno yake hakuyaelewa.

Mama Zamzam akafa, naye hakurudi, labda kwa kuwa alichoka. Wapwa zake wakauza. Nambari nyekundu zikapakwa ukutani, na wapangaji wakaambiwa wahame. Wanaume wengi walipelekwa Industrial Area, kwenye mabweni ya vibarua, kulala vitanda vya juu na chini. Mwanaisha, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli, alipewa kitanda katika chumba cha wanawake huko Al Rayyan. Akafunga sufuria zake, akalitia birika kwenye mfuko, akatoka nje kumwita mumewe.

"Inuka, Baba Saida, gari linangoja."

"Niende wapi? Rayyan sina ninayemjua."

"Na mie nina ninayemjua?"

"Wewe u hai, Mama Saida. Utazoea."

Basi alikwenda peke yake. Tingatinga likabomoa nyumba, na Ibrahimu akabaki amekaa katikati ya vumbi, mgongo ameuegemeza hewani. Mafundi walijenga kwa kumzunguka. Mhandisi alipoona mzee huyo hana pa kukaa sawasawa, akachora benchi la mawe meupe pale pale alipokuwa, na ghorofa zilipokwisha, karibu na mwaka 2015, wakagongomea kibao cha shaba kisemacho kwamba roho ya mtaa wa kale imehifadhiwa. Hilo halikuwa uongo. Roho ilikuwapo, na kofia yake.

Wakaja wakazi wapya, watu wa ofisi kubwa na mbwa wadogo. Langoni likawekwa tangazo kwamba humo ni kwa familia na wakazi tu.

Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Mwanaisha alipanda basi na birika lake. Mlinzi wa lango alikuwa Wesley, kijana wa Kakamega aliyewahi kuishi mtaa ule ule, chumba cha juu, na kula chapati za Mwanaisha.

"Mama Saida, aki nisamehe," Wesley alimwambia. "Bila mkazi kunipigia simu siwezi kukufungulia. Kamera iko hapo juu."

"Mume wangu yumo humo, Wesley."

"Najua. Namwona kila siku."

"Mbona yeye hamumtoi?"

"Yeye hana ikama, mama, kile kibali cha kuishi. Mtu hana ikama, nitamkagua nini?"

Kwa hiyo Mwanaisha alikuwa akisimama kwenye ua wa chuma na kutazama. Ndipo akamwona yule mwanamke. Alikuwa Mzungu, jina lake Emily, wa ghorofa ya tatu, nywele kavu za rangi ya mchanga. Alitoka na vikombe viwili vya karatasi, akakaa kushoto kwa Ibrahimu, upande alioukalia Mwanaisha miaka yote ya ndoa na mitatu ya ujane, akampa kikombe kimoja. Ibrahimu akanywa. Ilikuwa kahawa ya maziwa na sukari, na povu likamganda kwenye masharubu, naye akacheka.

Wivu ukampanda Mwanaisha. Alipokuwa hai, Ibrahimu alimtania kwamba mwenye kutia sukari kwenye kahawa ni mgonjwa au mtoto. Hakuwahi kuwa na nyumba ndogo. Alikuwa dereva mtulivu, wa kazini na nyumbani, na mkewe alijisifia hilo mbele ya wenzake. Sasa amekufa ndipo anaanza.

Ijumaa iliyofuata Mwanaisha alitoa sandukuni kanga aliyokuwa akiiwekea shari, akaitanda juu ya baibui, akasimama penye ua wa chuma na kuwageuzia mgongo, maandishi yasomeke vizuri: *Usisafirie nyota ya mwenzio.* Mwanamke yeyote wa Tanga angekwenda zake ndani na kufunga mlango. Ibrahimu alisoma, akaishusha kofia mpaka puani. Emily, asiyejua neno, aliinuka akaja hadi kwenye ua na kuushika upindo kwa vidole viwili. Akamuuliza Wesley kanga kama hiyo inapatikana wapi, maana ingependeza juu ya kochi lake.

Usiku ule Mwanaisha alilia huko Rayyan, na Phyllis wa kitanda cha juu akamuuliza amefiwa na nani.

"Sijafiwa," alijibu. "Nimeibiwa."

Alimchukia Emily kwa muda mrefu, na chuki ile ilimwia ngumu, kwa sababu Emily alikuwa mwema. Emily ndiye aliyemwambia Wesley kwamba kampuni ya usafi pale inatafuta wanawake. Mwanaisha akaomba hoteli imwachie, ikamzungusha, mwisho ikamwachia. Akavaa sare ya kijani na viatu vya mpira, akaingia kwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Msimamizi aliwasomea masharti: wafanyakazi hawazungumzi na wakazi, hawali uani, hawakai kwenye mabenchi.

"Na yule mzee?" aliuliza Mwanaisha.

"Yule ni wa mradi," alisema msimamizi.

Alasiri alifika benchini na ndoo. Ibrahimu na Emily walikuwa wameketi, vikombe mkononi. Mwanaisha alianza mbali, akapiga deki taratibu akisogea, kama asiye na habari. Alipofika, Ibrahimu akainua miguu. Emily naye akainua yake na kushukuru.

"Umekonda, Mama Saida," alisema Ibrahimu kwa sauti ya chini.

"Nani wa kunipikia?"

"Kaa kidogo, mke wangu."

Akapapasa jiwe la kushoto kwake, mahali pake Mwanaisha. Emily, aliyeona mkono tu, akadhani anaitwa yeye, akasogea karibu zaidi, akatabasamu.

Mwanaisha aliwatazama. Kisha akakamua tambara la deki, akafuta pale Emily alipokuwa amekaa, mpaka jiwe likang'aa, akabeba ndoo akaendelea na mlango wa pili. Nyuma yake miguu minne ilikuwa bado juu, ikingoja sakafu ikauke.