Maziwa ya Mkono wa Kushoto

Kabale alianza kuepukwa siku alipompa mzee Jarso maziwa kwa mkono wa kushoto.

Mtu wa mbali atauliza, si maziwa ni maziwa? Lakini pale kwa meza ya maziwa ya ngamia, sokoni Isiolo, kumpa mtu kwa kushoto ni kama kumtemea mate. Jarso aliangalia kikombe, akamwangalia Kabale, akaenda zake bila kunywa. Na Kabale hakuwa na jeuri yoyote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, kama wa mtu mwingine. Angeutumia huo, kikombe kingeanguka, na kumwaga maziwa ni mbaya hata kuliko hiyo kushoto.

Wakubwa wa nyumbani walikaa wakaamua mgonjwa ni mkono. Basi shemeji yake akaweka chuma kwa makaa, akamchoma begani na kwa kiwiko, vile ngamia anayechechemea huchomwa. Kabale aliuma leso, hakulia. Vidonda vilipopona, mkono ulikuwa vile vile, sasa na madoa juu. Kliniki moja ya mtaani ikampa dawa ya kupaka, apake mkono. Kila mtu mkono, mkono. Yeye mwenyewe alikuwa akisema shingo inamuuma akigeuka, na hakuna aliyemsikiza, kwa sababu shingo haikuwa imemkosea mteja.

Mama Ado, mwenyekiti wa kikundi chao cha maziwa, alimwambia apumzike kidogo. Hiyo kidogo ikawa meza imepewa Sadiya, mpwa wa Mama Ado, msichana hata hajui kuonja maziwa akajua yameanza kuharibika. Kabale akaambiwa atakaa nyuma, afukize mitungi moshi, maziwa yasiharibike haraka. Yeye! Aliyeanzisha hiyo meza wakati hao wengine bado wanauza kando ya barabara, wanakula vumbi.

Alienda hospitali na hasira, si na matumaini. Daktari wa mazoezi, anaitwa Zachary, hakushika mkono kwanza. Aliinamisha kichwa cha Kabale upande wa kulia, akakikandamiza polepole. Kitu kama mshtuko wa stima kikashuka kutoka shingoni mpaka kidole gumba.

"Nani alikuchoma hapa?" Zachary akauliza alipoona madoa.

"Watu wangu."

"Basi mama, walichoma mwenye hana makosa."

Akamweleza mifupa ya shingo imelika, imefinya mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi. Picha ya shingo nayo ikaonyesha hivyo hivyo. Hakuna haja ya kupasuliwa sasa, lakini mkono ukizidi kulegea, ama miguu ianze kuyumba, arudi haraka. Asibebe mitungi tena. Akamfundisha kuvuta kidevu nyuma, kurudisha mabega, kufinya kitambaa kilichokunjwa.

Kabale aliyafanya mazoezi hayo nyumbani Kiwanjani, mlangoni, majirani wakicheka ati anajifunza kutembea kama kuku. Wacheke. Maumivu ndiyo yalitulia kwanza. Nguvu ilikuja kwa uvivu, kama mgeni aliyeitwa kwa lazima. Ilianza na kifungo cha nguo, ikafika kwa sahani. Kuna wiki ilirudi nyuma kabisa, akatupa kile kitambaa ukutani, halafu akakiokota.

Asubuhi moja akaenda sokoni, akakaa kwa meza bila kuomba ruhusa. Sadiya akasimama bila kuambiwa. Mama Ado akaja mbio.

"Dada, si tulikubaliana uko nyuma?"

"Mlikubaliana. Mimi sikuwepo."

"Na ukimwaga?"

"Nikimwaga nitapangusa. Lakini mlinitoa hapa kama mtungi umetoboka, na hakuna hata mmoja wenu alikuja kwangu kuuliza nakula na mkono gani."

Mama Ado akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika.

Mteja wa kwanza alikuwa Kiambi, fundi wa pikipiki kutoka Chechelesi. Kabale akajaza kikombe, akakishika na kulia. Mkono ukatetemeka. Akaweka kushoto chini ya kiwiko, akaushikilia, akamnyooshea. Kiambi akainama, akapokea kwa mikono miwili, vile mtu hupokea akipewa kwa adabu kubwa.

"Aki mama, leo umeniheshimu," akasema.

Kabale alimwangalia mpaka Kiambi akaona haya.

"Hiyo si heshima," akamwambia. "Ni shingo. Kunywa."