Kitu Yoyote

"Mwalimu, huyo mtoto asikule kitu yoyote kuanzia saa sita usiku," sista Celina aliniambia. "Ata maji. Kesho asubuhi ndio anaingia thieta."

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya upili kule Kiritiri, huu ni mwaka wa kumi na saba, na nina ugonjwa wangu: nikisikia kosa siwezi kulipita. Kitu chochote, nikamsahihisha moyoni. Kitu ni ngeli ya KI-VI. Nilipomaliza kusahihisha, yale maneno mawili ya katikati yalikuwa yamenipita, na sista ameshafika kitanda cha tatu.

Binti yangu Ruguru ana miaka mitano. Mafindofindo yake yalikuwa yamevimba hadi karibu kugusana, na kila akilala alikuwa anakata pumzi. Unahesabu moja, mbili, hadi nane, ndipo anavuta hewa kwa kishindo. Daktari wa koo huja Embu mara moja kila wiki mbili, nasi tulikuwa tumengoja zamu yetu tangu Machi.

Mke wangu Karimi alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyelala wodini alikuwa mama yangu. Naye anaitwa Ruguru. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na hilo si jina tu. Mimi humwita binti yangu "mama", na mama yangu akimtaja husema "mimi mdogo". Kabla sijaondoka nilimpa maagizo kwa Kimbeere: mtoto asile kitu chochote kuanzia saa sita usiku. Sentensi yangu haikuwa na dosari.

"Nimesikia," akasema mama.

Asubuhi saa tatu, mlangoni pa chumba cha upasuaji, daktari wa nusukaputi, bwana mpole aitwaye Nyamu, aliuliza mtoto alikula lini mara ya mwisho. Nikajibu bila wasiwasi: jana saa moja jioni. Akamgeukia mama. Mama akasema, kwa Kimbeere, kwamba hajala. Tukampungia Ruguru mkono, mlango ukafungwa.

Tukakaa kwenye benchi. Mama akafungua themosi, akanimiminia uji wa wimbi, nusu kikombe.

"Ni huo tu umebaki," akasema. "Mwingine amekunywa mimi mdogo saa kumi na mbili asubuhi. Ningekunywaje peke yangu, jina langu likinitazama?"

Kwetu uji hauliwi. Uji hunywewa. Mtu anaweza kumaliza vikombe vitatu, akiulizwa akasema hajala, wala asiwe mwongo. Hilo nalijua tangu nizaliwe. Najua pia, maana nimesoma, kwamba mtu akilazwa usingizi wa dawa tumbo likiwa na kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Ndipo yale maneno mawili ya sista yaliponirudia: ata maji.

Niliupiga ule mlango kwa viganja vyote viwili, uji umenimwagikia shati, nikapiga kelele: "Mtoto hiyo amekunywa uji! Daktari! Hiyo mtoto iko na uji kwa tumbo!"

Nyamu akafungua. Sindano ilikuwa mkononi mwake, bado imejaa dawa. Alinitazama, akalitazama shati langu, kisha akageuka na kuwaambia wenzake wasimamishe. Nikakaa sakafuni. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Mama hakuinuka kwenye benchi.

"Uliniambia asile," akasema polepole. "Hakula."

Alikuwa sahihi, kila neno. Tulipewa zamu nyingine, wiki mbili mbele, nasi mimi na Karimi tukarudia kuhesabu pumzi za mtoto. Kuna siku nilifika kumi na moja, na nikajichukia.

Tuliporudi hospitalini sikutafsiri chochote. Nilimwomba sista Celina azungumze na mama mwenyewe, kwa Kiembu chake, kinachosikilizana na Kimbeere chetu, nami nikasimama kando mikono nyuma. Asubuhi yake Nyamu akauliza swali lile lile, safari hii likiwa na mkia mrefu: kula, kunywa, maji, chai, uji?

Mama akanipita, akasimama mbele yake na kujibu kwa Kiswahili, lugha ambayo huwa haitumii nikiwa karibu.

"Sisi Ruguru hatujakula. Hatujakunywa. Ata maji."

"Na wewe pia, shosho?"

"Mimi na yeye ni kitu moja."

Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Niliyasikia makosa yote, nikayapita.

Upasuaji ulichukua chini ya saa moja. Saa kumi jioni sista Celina aliruhusu uji, mwepesi na uliopoa. Nilimlisha binti yangu kijiko cha kwanza. Mama alimtazama koo, akangoja mpaka amemeza, ndipo akanyoosha mkono kuomba kikombe chake.