Maji ya Beringi ya Nyuma

Jumanne saa tatu asubuhi, Rubiela Ocampo alilala chali juu ya gunia chini ya jeep ya don Gildardo Arbeláez, akamulika tochi pale injini inapoungana na giaboksi. Palikuwa panavuja. Alikinga kidole, akanusa, kisha akaonja. Hayakuwa mafuta. Yalikuwa maji ya chemchemi ya La Helecha, ya baridi ya kuuma meno na yenye ladha ya mizizi ya kangaga. Aliyajua kwa sababu aliyanywa miaka arobaini na moja, mpaka don Gildardo alipoizungushia chemchemi ile seng'enge ili anyweshe miparachichi yake.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imejaa na safi kabisa. Basi akatega sufuria chini ya injini, akaendelea na gari jingine.

Kufika adhuhuri sufuria ilikuwa imejaa. Alimpelekea jirani yake, bibi mjane aitwaye doña Oliva, naye akayatumia maji hayo kupikia maharage. Nyumba zote ishirini na tatu za kijiji cha El Roblal zilikuwa na miaka miwili bila maji, ukiacha lori la manispaa lililokuja Alhamisi, likijisikia kuja. Malalamiko yao yalikuwa ndani ya faili la kijani kule manispaa, na kila walipokwenda kuuliza waliambiwa yanashughulikiwa. Miaka miwili yanashughulikiwa, na mwizi wa kuku hapa huhukumiwa kabla manyoya hayajapoa.

Jioni kulikuwa na foleni ya ndoo kwenye karakana ya Rubiela. Hakuna aliyeuliza maji yamepitaje kwenye chuma. Waliuliza tu kama mtu anaruhusiwa ndoo mbili.

Don Gildardo alikuja siku ya pili, akaikuta foleni.

"Doña Rubiela, gari langu limegeuka bomba la mtaa lini?"

"Linavuja kwenye kifuniko cha beringi kuu ya nyuma, don Gildardo."

"Basi kizibe. Si wewe ndiye fundi? Au marehemu mumeo alizikwa na ufundi wake?"

"Ufundi huo nilimfundisha mimi."

"Haya, tutaona. Jumamosi nakuja kulichukua. Na hao waambie hayo maji ni yangu, yametoka kwenye gari langu."

Rubiela aliifanya kazi ile kama alivyozoea, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuifanya. Aliteremsha sampu, yaani bakuli la oili, akafungua kifuniko cha beringi. Kamba ya kuzibia ilikuwa imelala kwenye oili tangu jana yake. Akaikandamiza mahali pake kwa mpini wa nyundo, akapaka gundi nyembamba kwenye pembe. Kisha akachomeka vipande viwili vya mpira ubavuni mwa kifuniko. Vipande hivyo lazima vichomoze robo inchi chini ya chuma, sampu ikifungwa ivibane. Vinatazamika vibaya, na ndiyo maana fundi mpenda unadhifu huvikata kwa wembe vikawa sawasawa na chuma, akajipongeza, na gari likavuja mpaka kiama. Rubiela alikwisha kufukuza watu wawili kwa kosa hilo. Yeye aliviacha vimechomoza, akafunga. Sakafu ikakauka.

Ijumaa asubuhi watu walikuja na ndoo zao, wakaitazama sakafu, wakarudi. Doña Oliva peke yake alibaki mlangoni.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Rubiela alishikwa na hasira. Alimkasirikia don Gildardo, akaikasirikia manispaa na faili lake, na zaidi ya wote aliikasirikia mikono yake mwenyewe, iliyomtumikia mwizi kwa uaminifu namna ile. Aliteremsha tena sampu, akachukua wembe, akavikata vipande vyote viwili sawasawa na chuma. Alikuwa hajamaliza kukaza boliti maji yakamlowesha nywele.

Jumamosi don Gildardo alifika na rafiki yake Wilmar Quiceno, karani wa manispaa. Alipoyaona maji alimwita Rubiela fundi wa kubahatisha, fundi wa baiskeli, mbele ya watu wote waliomfahamu. Rubiela alifuta mikono, akautia wembe mfukoni.

Karani hakuwa akisikiliza. Alikuwa akizitazama ndoo.

"Don Gildardo," alisema, "hawa wamekushitaki kuhusu nini vile?"

"Maji. Kwani hujui?"

"Na hayo wanayochota ni nini?"

Don Gildardo aliyatazama maji, akazitazama ndoo. Kisha akamshika karani bega, wakaenda kuzungumza kivulini.

Jumatatu jeep ilitolewa zawadi kwa wakazi wa El Roblal. Kulikuwa na utepe, keki, kipaza sauti na mpiga picha, na padri aliibariki kwa maji yaliyokingwa hapo hapo chini ya injini. Halafu karani akatandaza karatasi juu ya boneti. Rubiela aliisoma kwa sauti ili wote wasikie: wakazi wanakiri kwamba wamepatiwa chanzo cha maji cha kudumu, na hawana tena dai lolote juu ya chemchemi ya La Helecha.

"Hii inaua kesi yetu," alisema.

"Nimesikia, mwanangu. Siyo kiziwi mimi," doña Oliva alijibu. "Lakini tusipotia sahihi wanaliondoa gari leo."

"Doña Oliva, chemchemi ni yetu."

"Ni yetu, ndiyo. Na mimi nimeshaloweka maharage."

Wakatia sahihi mmoja mmoja, na kila aliyemaliza alikwenda moja kwa moja kwenye foleni. Rubiela alikuwa wa ishirini na tatu, wa mwisho. Alikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, na karani akamwambia haidhuru, jina linasomeka. Kisha karani akalitia faili la kijani chini ya kwapa, makombo ya keki yangali kwenye shati lake, akapanda gari jipya la don Gildardo.

Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Rubiela alichukua spana, akatambaa chini ya jeep, akalegeza boliti moja ya sampu nusu mzunguko ili maji yatoke kwa kasi zaidi.